Beseni, kompyuta au setilaiti: njia tatu za kujifunza edi za bahari ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu wa fizikia Mbeya mjini, mwanafunzi wa shahada pale chuo cha Mkwawa, na kijana wa Kyela anayetazama Ziwa Nyasa na kujiuliza maji ya chini yanafanya nini, wakitaka kuzielewa edi za bahari wanakwama mahali pamoja: waanzie wapi? Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na meli ya utafiti haipandi mlima Kitonga. Hata hivyo kuna njia tatu zinazoweza kufanyika huku huku milimani. Kila moja inaonyesha sehemu yake ya ukweli na kuficha nyingine.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini

Edi ni maji yanayozunguka kama chamchela ya vumbi la Septemba, ila upana wake ni makumi au mamia ya kilomita, na huishi wiki kadhaa hadi miezi. Nyingi huzaliwa kutokana na kuyumba kwa kibaroklini, yaani mkondo kukosa uthabiti kwa sababu maji mepesi na maji mazito yamesimama bega kwa bega.

Maji ya uvuguvugu ni mepesi na ya baridi ni mazito. Yakikutana, mazito hutaka kujipenyeza chini na mepesi kutanda juu. Dunia isingekuwa inazunguka, yangejilaza tabaka juu ya tabaka na habari ingeishia hapo. Mzunguko wa dunia unayapinda: badala ya kushuka moja kwa moja, maji yanageuka na kutiririka kandokando ya mpaka wao, na mpaka wenyewe unabaki umelala mshazari. Mshazari huo ni akiba ya nishati, kama lori lililojaa mahindi juu ya Kitonga likiwa limeshikwa na gia ndogo. Kadiri mshazari unavyokuwa mkali, ndivyo mkondo wa juu unavyoupita kasi mkondo wa chini. Likitokea wimbi dogo lenye urefu unaofaa, maji mepesi yanapanda upande mmoja, mazito yanashuka upande wa pili, akiba inafunguka, na wimbi linakua, linajikunja, kisha linakatika kuwa edi.

Nadharia hii ilianzia kwenye hali ya hewa: Jule Charney aliitoa mwaka 1947 na Eric Eady mwaka 1949, kila mmoja kwa njia yake, wakieleza vimbunga vya latitudo za kati. Bahari ilifuata baadaye. Jaribio la Wasovieti la POLYGON mwaka 1970, kisha MODE mwaka 1973 karibu na Bermuda, yalionyesha kwamba edi zimejaa hata kwenye maji ya bahari wazi yaliyodhaniwa kuwa yanatambaa polepole tu.

Njia zinazolinganishwa, na vigezo

Ya kwanza ni beseni la maji linalozunguka, lenye barafu katikati. Ya pili ni modeli ya matabaka mawili, jepesi juu na zito chini, kwenye kompyuta mpakato, ile aliyoianzisha Norman Phillips miaka ya 1950. Ya tatu ni ramani za kimo cha uso wa bahari zinazotokana na vipimo vya setilaiti.

Modeli kamili za bahari, kama ROMS, NEMO na MITgcm, tumeziacha nje kwa makusudi. Zinadai data ya upepo, joto, chumvi na kina, pamoja na miezi ya kujifunza kuziendesha. Asiyeijua modeli ya matabaka mawili hatatambua pale modeli kubwa inapompotosha.

Tutazipima kwa vigezo vitano: kinachoonekana, vifaa, muda, panapoharibika, na nani inamfaa. Lakini kabla ya kigezo chochote kuna hesabu moja ambayo lazima ifanyike, kwa sababu karibu kila jaribio lililoshindikana kwenye njia hizi tatu lilishindikana hapo.

Hesabu ya kipimo cha Rossby

Kipimo cha Rossby, Ld, ni umbali ambao maji hutawanyika kabla mzunguko haujayakamata. Kwenye beseni unakipata hivi: Ld = √(g′ × H) ÷ f. H ni kina cha maji. g′ ni mvutano uliopunguzwa, yaani 9.8 zidisha tofauti ya densiti iliyogawanywa kwa densiti ya maji yenyewe. f ni mara mbili ya kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde. Eady alionyesha kwamba wimbi linalokua haraka kuliko yote lina urefu wa karibu mara 3.9 ya Ld, na kwamba mawimbi mafupi kuliko takriban mara 2.6 ya Ld hayakui kabisa.

Kwa bahari ni rahisi zaidi kuchukua kasi ya wimbi la ndani, yaani linalosafiri kati ya maji mepesi na mazito, karibu mita 2.7 kwa sekunde, na kuigawa kwa f ya mahali (mara mbili ya kasi ya mzunguko wa dunia, zidisha sine ya latitudo). Nyuzi 45 kutoka ikweta unapata kilomita 26. Nyuzi 18 kusini, katikati ya Mlango wa Msumbiji, unapata kilomita 60. Nyuzi 10 kusini, latitudo ya Lindi, kilomita 107. Kadiri unavyoikaribia ikweta, f inapungua na kila kitu kinatanuka.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wenye uzoefu. Ld ya beseni (fomula ileile ikiandikwa NH ÷ f, ambapo N hupima jinsi densiti inavyobadilika kwa kina) na Ld ya bahari (kasi ya wimbi ÷ f) zinatofautiana kwa π, yaani mara 3.14. Ukichukua 3.9 ya Eady na kuizidisha kwa kilomita 60 za Msumbiji, utatafuta mawimbi mafupi mno kisha utadhani nadharia imekosea. Andika pembeni ya karatasi yako ni Ld ipi unayotumia.

Kinachoonekana

Beseni linaonyesha tukio lenyewe, mwanzo hadi mwisho, kwa macho. Unaona maji ya rangi yakishuka kando ya kopo la barafu, yakipinda, mpaka ukianza kuwa na mabonde na vilima, kisha ndimi za maji baridi zikijikunja kuwa edi. Unaona pia kwamba mzunguko ukipungua edi hazizaliwi, na hakuna mchoro wa ubaoni unaoweza kulifundisha hilo kwa nguvu ileile. Raymond Hide, Cambridge, alilifanyia kazi jambo hili kwa kina miaka ya 1950, na Dave Fultz alifanya vivyo hivyo Chicago. Kwetu sisi wa kusini mwa ikweta, zungusha beseni kufuata mwelekeo wa mshale wa saa ukitazama kutoka juu. Barafu inakuwa Ncha ya Kusini na ukingo unakuwa ikweta.

Kile ambacho beseni halikuonyeshi ni athari ya beta, yaani f kubadilika kwa latitudo. Sakafu yake ni tambarare, kwa hiyo edi zake hazihamii magharibi kama za bahari. Unaweza kuiga beta kwa kuinamisha sakafu, maji yawe mafupi upande wa ncha, lakini hilo ni somo la pili.

Modeli ya kompyuta inaonyesha sababu. Unaizima beta, unaiwasha. Unapunguza tofauti ya kasi kati ya matabaka hadi mkondo utulie. Unapima ni kiasi gani cha nishati ya mshazari kimegeuka kuwa mwendo. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tatu inayokuruhusu kubadilisha jambo moja tu na kuacha mengine yote kama yalivyo. Ila bahari yake ni ya kufikirika: haina pwani, haina visiwa, na ukitoka upande wa mashariki unaingia tena magharibi.

Setilaiti inakuonyesha bahari halisi. Edi za Mlango wa Msumbiji zinapita mbele yako, zenye upana wa kilomita 300 hivi, kama nne kwa mwaka, zikielekea kusini hadi kulisha mkondo wa Agulhas wa pwani ya Afrika Kusini. Kasi ya maji unaipata kwa mteremko wa uso: g zidisha mteremko, gawa kwa f. Uso ukiwa na mwinuko wa sentimita 30 ndani ya kilomita 120, nyuzi 18 kusini, maji yanakwenda karibu mita 0.54 kwa sekunde. Hata hivyo unaona uso tu. Kama edi ile ilizaliwa kutokana na mshazari wa densiti au kutokana na mkondo kusuguana na mkondo mwenzake kwa ubavu, ramani peke yake haiwezi kusema. Itabidi uongeze vipimo vya maboya ya Argo, yanayopima joto na chumvi hadi mita 2000 kila baada ya siku 10 hivi.

Vifaa

Hapa beseni linahitaji maelezo marefu, maana watu wengi huliacha wakidhani linataka maabara ya ng'ambo.

Chukua gurudumu la mbele la baiskeli la inchi 26, pamoja na mpira na ekseli yake. Lilaze, funga ekseli imara kwenye ubao mzito, kisha kaza duara la plaiwudi juu ya rimu. Mafundi wa Mwanjelwa wanaweza kukufanyia hili. Kwa mota, tumia ya waipa ya gari ya volti 12. Nyingi huzunguka mara 40 hadi 50 kwa dakika kwenye mwendo wa polepole. Weka puli ndogo kwenye mota na iegemeze kwenye mpira wa gurudumu. Mota ikiwa na mizunguko 45 kwa dakika na gurudumu likiwa na kipenyo cha sentimita 66, puli ya sentimita 1.5 inakupa mzunguko 1 kwa dakika, ya sentimita 4.5 inakupa 3, na ya sentimita 15 inakupa 10. Betri ya gari ni bora kuliko chaja ya ukutani, kwani umeme ukiyumba kasi inayumba nao na maji yanachafuka.

Beseni liwe la duara, wazi, lenye kipenyo cha sentimita 40 na kina cha maji sentimita 8. Katikati weka kopo la bati la kipenyo cha sentimita 15 lenye barafu. Bati linapitisha joto vizuri, plastiki hapana. Hakikisha ulalo kwa pimamaji. Simu ifungwe kwenye fito inayozunguka pamoja na beseni, na upande wa pili uweke kitu cha uzito uleule. Rangi ya chakula inatosha. Punje za potasiamu pamanganeti kutoka maabara ya shule zinaonyesha vizuri mwendo wa chini, kwani zinazama zikiacha mstari.

Sasa hesabu. Chukulia tofauti ya joto kati ya juu na chini ni nyuzi 5 na g′ ni karibu 0.01. Kwenye mzunguko 1 kwa dakika, Ld ni sentimita 13, zaidi ya nafasi iliyopo kati ya kopo na ukingo (sentimita 12.5), kwa hiyo utaona maji yakijiviringa taratibu bila wimbi lolote. Kwenye mizunguko 3, Ld ni sentimita 4.5, wimbi ni la sentimita 17 au 18, na mawimbi matano hivi yanaenea kuzunguka kopo. Kwenye 10, Ld inashuka hadi sentimita 1.3 na unapata vurugu ya edi ndogo ndogo zinazomezana. Huu ndio utatu mzuri wa kufundishia: polepole, wastani, haraka.

Mahali pasipo na barafu, tumia chumvi. Simamisha kopo lisilo na kitako, la kipenyo cha sentimita 12, katikati ya beseni la maji yasiyo na chumvi. Yeyusha gramu 1.8 za chumvi na rangi kwenye maji kidogo, mimina ndani ya kopo na ukoroge. Hapo unapata takriban gramu 2 kwa lita. Subiri maji yatulie tena, kisha inua kopo wima kwa mkono usiotetemeka. Kwa mizunguko 10 kwa dakika hesabu inatoa mawimbi kama sita kuizunguka nguzo ya maji ya chumvi iliyobaki. Usizidishe chumvi: gramu 20 kwa lita zinaikuza Ld zaidi ya mara tatu, na nguzo inasambaa bila kukatika.

Kwa modeli, mahitaji ni kompyuta mpakato ya kawaida yenye lugha ya programu ya Python. Kifurushi cha pyqg kinatosha, na kikishapakuliwa hakihitaji intaneti tena. Mipangilio ya kuanzia ni eneo la kilomita 1000 kwa 1000, Ld ya kilomita 15, tabaka la juu la mita 500 na la chini la mita 2000, kasi ya tabaka la juu mita 0.025 kwa sekunde na ya tabaka la chini sifuri, beta 1.5 × 10⁻¹¹.

Kwa setilaiti unahitaji akaunti ya bure ya Copernicus Marine (huduma ya Ulaya ya data za bahari), Python au programu nyingine inayosoma faili za NetCDF, na bando. Jambo la bando si dogo. Kata eneo lako kabla ya kupakua: kisanduku cha nyuzi 15 kwa 15, chenye nukta kila robo ya nyuzi, ni nukta 3600, mwaka mzima wa kimo cha uso ni takriban megabaiti 5. Ukipakua dunia nzima kwa uzembe, siku moja tu ya kipengele kimoja inakaribia ukubwa huohuo.

Muda

Beseni likishajengwa, kipindi kimoja cha shule kinatosha kama mtu amefika mapema. Maji yanahitaji muda wa kuzunguka kwa kasi moja na beseni: kwa kina cha sentimita 8 kwenye mizunguko 3, kipimo cha muda huo ni kama dakika 2 na nusu, na inafaa kusubiri mara tano au sita yake, yaani dakika 15. Tupia vipande vya karatasi juu ya maji. Kama havisogei kulinganisha na beseni, tia barafu. Edi huanza ndani ya dakika chache.

Modeli yenye nukta 128 kwa 128 inamaliza miaka 10 ya bahari chini ya saa moja. Setilaiti inakula muda zaidi kwenye kusoma maelezo ya data kuliko kwenye kuchora; tenga wiki mbili kwa anayeanza.

Panapoharibika, na kwa nini

Kwenye beseni, kosa la kwanza ni haraka: barafu inatiwa kabla maji hayajatulia, na kinachoonekana ni mabaki ya mwanzo wa mzunguko yakidhaniwa ni edi. La pili ni ulalo mbaya, ambao unazaa wimbi moja linalozunguka bila kukua. Ukiona hivyo, rudi kwenye pimamaji. La tatu ni upepo wa chumba. Beseni likizunguka, hewa iliyosimama inaufuta uso wa maji kinyume, kwa hiyo funika kwa nailoni angavu.

La nne ni la hapa kwetu hasa. Mwezi Juni na Julai maji ya bomba Mbeya au Njombe ni ya baridi sana, na maji baridi hayabadiliki densiti kwa kasi: maji ya nyuzi 25 yanatanuka karibu mara tatu ya maji ya nyuzi 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, na karibu na nyuzi 4 kutanuka kunakwisha kabisa. Kwa hiyo barafu ndani ya maji ya bomba ya asubuhi inaleta tofauti ndogo mno, Ld inasinyaa, na darasa linaona ukungu wa rangi tu. Pasha maji hadi nyuzi 25 au 30 kwanza. Kumbuka pia kwamba kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachota joto la kushusha lita 10 kwa nyuzi 8, hivyo jaribio lina mwisho wake. Usilisukume zaidi ya nusu saa.

Usitumie kinanda cha santuri kama meza. Mizunguko 33 kwa dakika inafanya Ld kuwa milimita 4, na ukingoni maji yanainuka sentimita 2 na nusu juu ya katikati.

Kwenye modeli, la kwanza ni nukta chache. Kilomita 1000 kwa nukta 64 ni kilomita 15.6 kati ya nukta na nukta, sawa na Ld yenyewe. Edi zinaonekana, lakini takwimu zake si za kutegemea. Panda hadi 128 au 256, na ukipanda punguza hatua ya muda, la sivyo namba zitalipuka. La pili ni kuanza na bahari tulivu kabisa: bila kelele ndogo ya mwanzo hakuna kitakachokua. La tatu ni umeme kukatika katikati ya kazi, kwa hiyo hifadhi hali ya modeli kila siku 30 za modeli.

La nne linawahusu wanaotaka kuiga bahari yetu, na ndilo lenye faida kubwa kulielewa. Kwenye modeli hii, mkondo wa juu unaokwenda mashariki hauyumbi mpaka tofauti ya kasi ya matabaka izidi beta × Ld² × (1 + δ) ÷ δ, ambapo δ ni unene wa tabaka la juu ukigawanywa kwa la chini. Kwa mipangilio ya kuanzia, δ ni 0.25 na mpaka ni mita 0.017 kwa sekunde. Kasi ya 0.025 inaupita. Sasa weka namba za nyuzi 10 kusini, Ld ya kilomita 100 na beta 2.25 × 10⁻¹¹: mpaka unaruka hadi mita 1.1 kwa sekunde, na modeli inanyamaza. Haijaharibika. Inasema ukweli kwamba karibu na ikweta beta inaushika mkondo kwa nguvu. Lakini geuza mkondo uelekee magharibi, kama ulivyo Mkondo wa Ikweta wa Kusini unaokuja hadi pwani yetu, na kigezo kinabadilika kuwa beta × Ld² × (1 + δ): mita 0.28 tu kwa sekunde. Nyuzi 18 kusini inashuka hadi karibu mita 0.1. Mwanafunzi akilipata hili kwa mikono yake ameelewa zaidi ya kurasa nyingi za kitabu. Asisahau tu kupanua eneo hadi kilomita 4000 au zaidi, ili mawimbi marefu yapate nafasi.

Kwenye setilaiti, tatizo kubwa ni mapengo. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992 na warithi wake wa familia ya Jason wanarudi juu ya mstari uleule kila baada ya siku 10 hivi, na mistari yao ikwetani imeachana kilomita 315. Ramani laini unayopakua imejazwa katikati kwa hesabu, kutoka kwa setilaiti kadhaa. Kuwa na nukta kila robo ya nyuzi hakumaanishi kuonekana kwa edi ya robo ya nyuzi. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, inapima ukanda wa kilomita 120 kwa mara moja na kuona vitu vidogo zaidi, ila inarudi mahali palepale baada ya siku 21.

Halafu kuna pwani na ikweta. Kilomita kumi hadi thelathini kutoka nchi kavu mawimbi ya rada yanachanganyika na ardhi, kwa hiyo usitafute edi ndani ya Mlango wa Zanzibar. Kuanzia nyuzi 5 hadi ikweta f ni ndogo mno na fomula ya mteremko inatoa kasi za ajabu. Kwa kazi ya kwanza chagua kisanduku cha nyuzi 10 hadi 25 kusini na 35 hadi 50 mashariki. Kubali kitu kuwa edi kama mistari ya kimo imefunga duara, mwinuko umezidi sentimita kadhaa, na kimedumu wiki nne au zaidi.

Nani inamfaa

Beseni linamfaa mwalimu wa sekondari na mkufunzi wa ualimu, na yeyote anayehitaji kuwashawishi watu 60 kwa pamoja. Halimfai anayetaka namba za kuandika kwenye tasnifu, labda awe na vipima joto vya uhakika na subira ya kurudia mara nyingi.

Modeli inamfaa mwanafunzi wa fizikia, hisabati au hali ya hewa anayeelewa milinganyo tofautishi. Bila msingi huo inakuwa filamu nzuri tu.

Setilaiti inamfaa anayejali mahali fulani hasa: mtu wa uvuvi, wa mazingira, wa jiografia. Hesabu yake ni nyepesi kuliko ya modeli, lakini inadai uangalifu mkubwa zaidi wa kutosema zaidi ya data.

Kulingana na hali yako

Kama una darasa la kidato cha tano na wiki mbili, jenga beseni. Kama barafu haipatikani au msimu ni wa baridi, nenda moja kwa moja kwenye toleo la chumvi, kwani halitegemei joto la maji.

Kama unaandika mradi wa mwisho wa shahada na una kompyuta lakini intaneti ni ya kubahatisha, chukua modeli. Swali la mkondo wa mashariki dhidi ya magharibi kwa latitudo kati ya 8 na 20 kusini linatosha kabisa kwa mradi mmoja.

Kama bando lipo na swali lako ni la bahari ya Tanzania, Msumbiji au Madagaska, anza na setilaiti, kisha uongeze Argo kabla ya kutamka neno baroklini kwenye hitimisho lako.

Kama una miezi sita, anza na beseni kwa siku chache, kisha modeli, kisha setilaiti. Mpangilio wa kinyume huwachosha watu, kwa sababu wanatazama ramani bila kujua wanatafuta umbo gani.

Na kama swali lako ni Ziwa Nyasa, kwanza kadiria Ld yake. Maji ya juu hufika nyuzi 28 msimu wa joto na ya kilindini ni karibu 23. Ukichukua tabaka la juu la mita 60 unapata Ld ya kilomita 30 hivi. Ziwa lina upana usiozidi kilomita 75 hivi, kwa hiyo edi chache sana zinaenea humo, na kingo zinatawala kila kitu. Modeli isiyo na pwani haifai, na ramani za setilaiti za kawaida zimechorwa kwa bahari. Kinachofaa ni beseni la mstatili, refu na jembamba, lenye matabaka mawili ya chumvi na feni upande mmoja badala ya kusi, pamoja na kipima joto chenye kamba yenye alama kila mita 10 ndani ya mtumbwi kutoka Matema, kila wiki, kuanzia Mei hadi Septemba.